Mrushaji na Mpigaji wa Bugene

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, ambayo nikiiwaza hata leo nachoka kama mtu aliyepandisha kilima na mkungu wa ndizi kichwani. Ninaiandika kwa sababu juzi nimekusikia na wenzako mkibishana, ndani ya timu yenu wenyewe, nani mkubwa kuliko nani. Mimi niliishia darasa la nne. Sentensi ikipinda mahali, inyooshe mwenyewe.

Miaka ya hamsini mwanzoni, padri mmoja wa Kanada alitufundisha vijana wa Bugene mchezo wa besiboli. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaungoja na gongo. Akiupiga mbali hukimbia kuzunguka vituo, na akirudi alipoanzia ni bao. Akiukosa mara tatu, anatoka. Mimi nilikuwa mdakaji, yule anayechutama nyuma ya mpigaji na glavu ya ngozi ya ng'ombe. Si kazi ya sifa, lakini kutoka pale unaona kila kitu, au angalau nilidhani naona.

Mrushaji wetu alikuwa Rwegasira, mpigaji wetu Kamugisha. Katika mwezi mmoja, Rwegasira alitimiza watu mia tano aliowatoa tangu aanze kurusha, na Kamugisha akapiga mpira wake wa mia kuvuka ua wa mibuni ya misheni. Padri, ambaye hakuwa mtu wa kusifu ovyo, alisema hata kwao watu wa namna hiyo ni wachache, na kuwakuta wawili katika timu moja ni jambo ambalo mtu anaweza kuzeeka bila kuliona.

Ungedhani tulishukuru. Hatukushukuru. Tulianza kuuliza nani zaidi.

Na wakati huo tulikuwa tunangoja mechi na wachimba bati wa upande wa Kyerwa, waliotushinda kila mwaka. Desturi ilikuwa timu inayoshindwa inatoa dume la ng'ombe. Safari hii dume lililoahidiwa lilikuwa la Mama Kokugonza, mjane, shangazi yake Rwegasira, na hakuwa na jingine. Alilitoa akisema, "Mwaka huu wale wawili wameiva. Nileteeni dume langu na mwenzake."

Jumapili iliyotangulia mechi, baada ya misa, padri alikuwa ameshaondoka kwenda Bukoba. Vijana wakasimama uwanjani, na ulimi hauna mfupa.

"Rwega, mshukuru Mungu Kamugisha yuko upande wako," mmoja akasema. "Mpira wako angeuona kama ndizi mbivu."

"Kwani amekatazwa kushika gongo?" Rwegasira akajibu.

Kamugisha akacheka. "Nakuhurumia, ndugu yangu. Una shangazi hapa wa kukuona ukiaibika."

"Jihurumie mwenyewe."

Nikasema, "Jamani, nguvu hizi tuziweke za Kyerwa."

"Wewe kazi yako kuchutama," mtu akaniambia. "Chutama."

Nikachutama. Nilijiambia kwamba nikikataa watampata mwingine. Labda wasingempata; hilo bado najiuliza.

Kamugisha akakosa mara tatu. Ingeishia hapo, lakini akasema jua lilikuwa machoni. Na kusema haki, lilikuwa machoni. Wakabadili upande. Sasa akaupiga hadi kwenye mibuni, naye Rwegasira akasema mguu umeteleza. Uliteleza kweli, niliuona. Kila aliyeshindwa alikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa ya kweli, ndiyo maana mambo hayakwisha. Watu waliokuwa wakielekea kwenye pombe ya rubisi wakaghairi, wakabaki kushangilia. "Fahali wawili hawakai zizi moja," wakasema, kana kwamba wamesema jambo. Methali hiyo ikitumiwa hivyo huniudhi. Hawa walikaa zizi moja miaka mingi, wakala sahani moja, na sisi ndio tuliowasukumanisha.

Jioni ikikaribia, mpira mmoja ukaja ndani, karibu na mwili, ukampata Kamugisha kwenye vidole vilivyoshika gongo. Nilisikia vikivunjika. Ulirushwa kwa makusudi? Wapo waliosema ndiyo, wapo waliosema Kamugisha alisogea mno. Mimi nilikuwa karibu kuliko wote, na sijui. Ninachojua ni kwamba Rwegasira alikuwa wa kwanza kumfikia.

Siku ya mechi Rwegasira alirusha vizuri kuliko siku zote nilizomdaka. Wachimbaji walipata bao moja tu. Sisi hatukupata hata hilo moja. Tulikuwa na watu vituoni wakingoja mpira mmoja wa mbali uwarudishe, na wa kuupiga alikuwa amekaa kwenye nyasi, mkono umefungwa vijiti.

Mama Kokugonza alilifungua dume mwenyewe. Rwegasira akamwendea. "Shikamoo, shangazi. Mimi nilirusha vizuri. Waulize."

"Marahaba. Nimeona, mkono wako ni mzima kabisa." Akamtia kamba kiganjani. "Basi huo ndio utakaolipeleka Kyerwa." Kisha akatugeukia sisi. "Na nyie mliowapigia makofi Jumapili ile, mnabaki kufanya nini? Msindikizeni. Mpigieni makofi njia nzima."

Tulimfuata. Kamugisha naye aliinuka, akashika fimbo kwa mkono wa kushoto, akawa analiswaga dume kwa nyuma. Vidole vyake vilipona vimepinda. Mpira wa mia na moja haukuja kamwe.

Mwanangu, uhodari wa mwenzako si deni juu yako. Mkono mmoja haulei mwana, na anayerusha hawezi kujipigia. Mkianza kuulizana nani zaidi, anayefurahi ni yule mnayekwenda kupambana naye. Na wewe usiye mrushaji wala mpigaji, ukiona wawili wanachochewa, usitie neno lako motoni. Kama kazi yao haiwezekani bila wewe, simama, ukatae kuchutama.

Mungu akujalie mwenzako anayekuzidi katika jambo fulani, akujalie na moyo wa kumfurahia. Kibanja chako cha migomba kizae, nyumba yako ijae watu, na uzee usikukute ukiandika habari kama hii.