Nilitafuta brevet ya mashine yangu ya mpunga Kindu, avoka akaniuliza Sefu iko wapi

Wakuu, salamu kwenu wote.

Ninaandika kutoka Kindu, Maniema. Humu ndani kila siku naona watu wanauliza namna ya kulinda uvumbuzi wao na wapi kuna avoka mzuri wa brevet. Haya ninayoyasema yamenikuta mwenyewe, sikuhadithiwa. Asiyeamini aje Kindu, mashine iko, nitamuonesha. Ila asije kunibishia nyumbani kwangu.

Halafu nitajaribu Kiswahili chenu cha shule, lakini maneno ya watu nitayaacha vile walivyoyasema. Kwetu tunasema muntu kwa mtu, njo kwa ndiyo, iko kwa yuko. Wa kucheka acheke sasa amalize.

Kwa wasiojua, brevet ni hati ya serikali inayosema kitu hiki kimebuniwa na fulani, mwingine asikitengeneze bila ruhusa yake. Avoka ni wakili, na cabinet ni ofisi yake.

Tuanze na vita.

Baba yangu alitoka Kasai akaja kufanya kazi ya reli, mimi nikazaliwa hapa. Sefu alikuwa mtoto wa Kindu hasa, Mwislamu, na tulikuwa mafundi pamoja katika atelye ya reli, yaani karakana. Vita vilipofika treni zikasimama, tukakimbilia porini, familia yake na yangu, kambi moja.

Mpunga tulikuwa nao. Shida ilikuwa kuutwanga.

Sauti ya mchi ndani ya kinu inakwenda mbali, wakuu, na wenye bunduki walikuwa wanaisikilizia. Ukitwanga asubuhi, jioni wamefika. Wanachukua mchele, na si mchele peke yake. Kambi ya jirani zetu iliisha namna hiyo. Sitaki kuieleza.

Basi tukawa tunamenya punje kwa kucha. Umewahi kumenya mpunga kwa kucha na watoto wanakuangalia? Usiombe.

Mimi nikapata wazo la magogo mawili madogo, tukayavisha mpira wa tairi, moja likaenda mbio kuliko lingine. Mpunga ukipita katikati ganda linatoka. Kimya kabisa. Lakini mchele ulikuwa unavunjika wote, unatoka kama unga.

Sefu njo aliyetengeneza. Alikata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, akakifunga na kabari ya mti, magogo yakawa yanajiachia yenyewe punje kubwa ikipita na kujibana kwa ndogo. Tukapata mchele mzima. Mama yake, Mama Zaina, alilia kwa furaha akiwa ameziba mdomo kwa kitenge ili asisikike.

Tuliokiona kile chombo ni watu wa kambi yetu tu. Masika yalipozidi na kuni zote zikalowa, tulikichoma tukapikia.

Kisha chumvi ikaisha. Sefu akaenda kuitafuta upande wa Tunda.

Hakurudi.

Vita vikaisha tukarudi mjini. Mwili hatukuuona, aliyemuona hatukumpata. Matanga hayakufanyika, hitima haikusomwa. Mama Zaina hakutaka, na nani angemlazimisha?

Miaka imepita. Nikaja kuitengeneza tena ile mashine, safari hii kwa chuma, uani kwangu, nimeizungushia turubai. Ndugu mmoja akaniambia, wewe, ukiiuza hivi hivi wataiga kesho. Tafuta brevet.

Cabinet kubwa moja ya Kinshasa niliiandikia, haikujibu hata salamu. Nikapewa namba ya cabinet ndogo, avoka mmoja na karani wake, chumba kimoja juu ya famasi. Avoka tumwite Maître Odette, Maître ni jina la heshima la avoka. Alizaliwa Bukavu, kwa hiyo Kiswahili kinapanda.

Niseme ukweli, wale wanaodharau cabinet ndogo wanakosea. Yule mama alinisikiliza. Nilimtumia audio ndefu, akazisikiliza zote, akauliza hadi misumari.

Lakini kazi ya avoka wa brevet ni kukuvua nguo, wakuu. Jiandaeni.

Nikamwambia, nimevumbua mashine ya magogo mawili ya mpira. Baada ya siku chache akanipigia.

"Papa Ngoy, nilitafuta. Magogo mawili ya mpira yanajulikana Asia tangu zamani. Hiyo haiwezi."

Nikasema, basi ule mwendo, moja mbio, lingine polepole.

"Hiyo pia inajulikana."

Aisee, nilikasirika! Nikamuuliza kama yeye ni avoka wangu au wa Waasia. Akacheka kidogo, akasema, "Papa, usikasirike. Kuko kitu kimoja tu sijakiona popote. Ile kipande ya mpira na kabari. Ile njo mpya. Tukiomba brevet, tutaomba juu yake."

Nikakaa chini.

Maana kile kipande si changu. Ni cha Sefu. Yangu yote ilikuwa imeshabuniwa na watu nisiowajua, ikabaki ya Sefu peke yake.

Nikamwambia hivyo. Naye hakusita. "Basi jina lake lazima liingie. Iko wapi?"

Nikamweleza. Akasema kwa upole kwamba haki ya mtu asiyekuwepo inashikwa na warithi wake, na warithi hawapo mpaka tribinali, yaani mahakama, iseme amekufa. Sefu hakuwa ameoa. Mrithi ni mama yake. Akasimame mbele ya juji, aseme.

Najua mnachowaza. Si ungeandika jina lako tu, nani angejua? Hata Maître aliniambia wapo wanaofanya hivyo, ila yeye hasaini uongo, na brevet ya uongo inaweza kuanguka. Lakini hata angekubali, mimi nilikula mchele ule. Watoto wangu walikula.

Nikaenda kwa Mama Zaina. Nikazunguka weee, nikaongea habari za mvua, mwisho nikasema.

Hakunitukana. Alisema tu, "Ngoy, miye sina marehemu. Rudia kwako."

Nikampigia Maître, nikamwambia tuache. Akasema, "Tuache, Papa. Mashine si kitu mbele ya muzazi." Nikadhani yameisha.

Haikupita muda, dereva aliyetoka njia ya Lubutu akanihadithia kuna atelye imeanza kutafuta chuma cha mashine ya mpunga isiyo na kelele. Nani aliyewaambia, sijui. Mama Zaina sikumwambia kitu, lakini Kindu ni hii hii, habari zilimfikia.

Asubuhi moja nikamwona mlangoni. Akasema, "Nioneshe."

Nikafunua turubai. Akazungusha mkono wa mashine mwenyewe, polepole, akaangalia mchele unavyotoka. Akaweka kidole pale kwenye mpira.

"Hii njo ya Sefu?"

"Njo yake, Mama."

"Na wale wa Lubutu wakiitengeneza, jina yake itaandikwa wapi?"

"Hakuna pahali."

Akafikiri sana. "Kaburi hana. Jina nayo akose? Pigia ule mwanamuke wako simu."

Nikapiga, nikaweka sauti nje. Mama Zaina alikuwa na swali moja. "Maître, na akirudi? Hii karatasi itamuzuia?"

Maître akasema, "Mama, akirudi, miye mwenyewe nitakuja kuifuta. Hamutanilipa kitu."

"Basi twende."

Siku ya tribinali mvua ilianguka kama imeitwa. Mabati yanapiga kelele, juji anavuta kiti karibu. Akamuuliza Mama Zaina mtoto wake iko wapi.

"Hayuko."

"Hayuko hapa, ao alikufa?"

Mama Zaina akanigeukia. "Ngoy, sema weye."

Juji akakataa, lazima mama. Mama Zaina akasema kitu kidogo sana, midomo tu. Karani naye, maskini, anafanya kazi yake, akasema, "Mama, sema kwa nguvu, mvua inatuzuia, siandiki kitu sisikii."

Mama Zaina akasimama. Akapiga kelele, "Mutoto wangu alikufa! Sefu alikufa!"

Wanawake waliokuwa kwenye baraza wanasubiri kesi zao, hawamjui wala hawakujua kuna nini, wakaanza kulia naye palepale. Ndivyo kwetu. Juji akainamisha kichwa. Mimi nilitoka nikasimama kwenye mvua kwa sababu sikuweza.

Matanga tuliyafanya baada ya hapo. Hitima ikasomwa. Brevet ikatoka, majina mawili, lake la kwanza.

Nikampelekea hati. Akasema nisome. Nilipofika kwenye neno marehemu akasema inatosha, akaingia ndani.

Ushauri wangu, wakuu, ni huu. Kama umebuni kitu na mwenzako, andikeni nani alifanya nini mkingali hai wote wawili. Cabinet ndogo yenye mtu mkweli ni bora kuliko jina kubwa. Na mjue kwamba avoka mkweli anaweza kukufikisha mahali ambapo hukutaka kwenda.

Mashine zinauzwa, sehemu ya Mama Zaina ninampelekea, anapokea, anasema aksanti.

Ila miaka yote ile, kila nilipomtembelea, alikuwa ananikalisha ananiuliza, "Ngoy, siku ile akienda, alisema nini?" Nami nilimhadithia upya, alivyofunga mfuko, alivyosema atarudi na chumvi na samaki. Nilikuwa ninachoka nalo swali lile, Mungu anisamehe.

Tangu tribinali hajaniuliza tena. Namletea pesa, ananiuliza habari za watoto, kisha tunakaa kimya.

Mliopitia kitu kama hiki, niambieni. Nimhadithie bila kuulizwa, ao nimwache?