Maiki Iliyobaki Kifuani Kwangu

Jamani, chekeni tu, maana hata mimi ingekuwa yamempata mwenzangu ningecheka mpaka nikae chini, lakini aibu niliyoipata Mikumi sijaimaliza mpaka leo.

Mnajua kazi yangu ni kupiga video za harusi, na ile haikuwa harusi ya hivi hivi, ilikuwa ya Rehema, dada yake Salma, na Salma ndiye niliyepanga wazee wangu wa Chanzuru wampelekee posa wiki mbili baada ya hapo (wazazi wake hawana habari, wananijua kama kijana wa kamera, mpole, shikamoo kila kona). Kwa hiyo nilitaka kazi iwe ya kutisha. Kamera tatu, na kila sauti inarekodiwa peke yake: maiki ya baba yao Mzee Omari, ya mshereheshaji, ya bwana harusi, na ya nne nikajibana mwenyewe kifuani ili kuijaribu, moja mbili, moja mbili, iko sawa. Nikaisahau hapo hapo.

Siku ya kuunganisha picha na sauti, hedifoni zangu zimekufa upande mmoja na upande mwingine unakoroma. Nikajiambia, kwani sauti si zina mawimbi yanaonekana kwenye kompyuta? Nitazipanga kwa macho. Ile ya nne ilikuwa na mawimbi manene, nikajua hayo ndiyo makofi na vigelegele vya ukumbini, nikaipandisha kuliko zote, tena nikajisifu.

Jumapili mchana tukakusanyika kwa Mzee Omari kuitazama, sebule imejaa ndugu, na mwenyewe kaazima spika mbili kubwa. Ikafika nasaha yake, picha safi kabisa, mzee anafungua mdomo, na kwenye spika natoka mimi: "Beka, huyu mzee leo atamaliza kweli?" (Beka ni mwenzangu wa kamera ya pili, aliposikia hivyo aliaga anakwenda msalani, akapitiliza.)

Nikatafuta rimoti, kumbe shangazi yao kaikalia, na hainuki, anasikiliza. Kwenye video kikaja chakula. Sasa, kula mbele ya mama mkwe mnajua ni aibu, na mimi hapo natafuna kwenye spika mbili, nafyonza mfupa, nashushia soda, nabeua. Halafu sauti ile ile, imeshiba: "Pilau gani hili, kama wali uliotiwa majivu! Nikishamuoa Salma, mama yake haingii jikoni kwangu."

Salma akajifunika mtandio uso mzima. Mama Rehema, aliyelipika lile pilau kwa mkono wake, akanitazama taratibu kuanzia viatuni.

"Rudisha nyuma," Mzee Omari akasema.

"Shikamoo mzee," nikajibu (sijui kwa nini, nilishamwamkia tangu mlangoni).

"Marahaba. Rudisha hapo pa pilau."

Shangazi akanipa rimoti, nikarudisha. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akacheka hadi kofia ikamdondoka, akafuta machozi. "Tangu nioe natafuta mtu wa kulisema hilo."

Mkewe akamgeukia, nikajua kesi sasa ni ya wawili. Kisha akanirudia mimi.

"Wazee wako wanakuja lini?"

"Wiki ijayo, mama."

"Waje. Ila waambie, chakula waje nacho."

Na walikwenda nacho. Baba mkubwa alipanda basi kapakata sufuria, njia nzima ananiuliza tangu lini watu wanabeba pilau kwenda kuposa, nami nikamjibu ndiyo mila ya huko. Posa ikapokelewa, namshukuru Mungu. Siku hizi kila sauti naisikiliza yenyewe, mwanzo mpaka mwisho, kabla kazi haijatoka mkononi mwangu. Na nikienda ukweni, Mama Rehema akitenga pilau lake, nala namaliza, naomba la pili.