Nilinunua kamera kali na gimbal, harusi ya Katumba ikanirudisha kwenye tripod

Wakuu, habari za kutwa.

Hii siyo chai. Mwenye sukari yake aiweke pembeni, asome mpaka chini, halafu ndo aniite muongo kama bado ana hamu.

Kila wiki humu naona mtu anauliza, "Nina bajeti ndogo, nichukue kamera gani ya video na gimbal gani?" Na kila wiki majibu ni yale yale, watu wanarushiana majina ya makampuni kama mashabiki wa mpira. Mimi sitataja kampuni hata moja. Nitasema kilichonikuta, utapima mwenyewe.

Mimi ni mwanamke, niko Mpanda, nina studio ya picha maeneo ya Makanyagio. Napiga passport size, picha za familia na harusi. Harusi ndizo zinazonilisha. Wale wa "mwanamke na kamera wapi na wapi" tukutane kwenye comments, nimebeba mizigo hii miaka tisa na mgongo hauna shida.

Haya, twende.

Miaka yote hiyo nilikuwa nafanya kazi na kamkoda ya zamani, ile ya kushika kiganjani yenye kioo cha kufungua pembeni. Pamoja nayo tripod ya chuma, ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera, nzito kama plau.

Hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Aliyelalamika ni mimi.

Nilianza kuangalia video za harusi mtandaoni, za watu wa Dar na za nje huko. Bibi harusi anatembea, kamera inaelea nyuma yake kama haigusi chini. Uso mkali, unaonekana safi mpaka kope, nyuma yote ukungu mtamu. Nikirudi kuangalia zangu naona kama nimerekodi mkutano wa kijiji. Nilipata wivu, sifichi.

Basi nikauza kamkoda na tripod kwa Mzee Shabani. Huyu ana duka la mabegi karibu na soko, na pembeni anakodisha vifaa vya sherehe. Nikaongezea akiba yangu yote, nikaagiza Dar mirrorless used, zile kamera za kisasa za kubadilisha lens, lens moja ya 50mm yenye f/1.8, na gimbal mpya kwenye boksi lake.

Kwa wasiojua, gimbal ni ule mkono wenye mota unaoshika kamera isitikisike ukiwa unatembea. Na f/1.8 maana yake tundu la lens linafunguka sana, kwa hiyo unayemlenga anakuwa mkali, wengine wote wanapotelea kwenye ukungu.

Shikeni hapo kwenye ukungu.

Mzigo ulipofika stendi niliubeba mpaka nyumbani kama kichanga. Bodaboda akaniuliza, "Dada, ni mayai?" Nikamwambia haya ni zaidi ya mayai, endesha polepole.

Kazi ya kwanza ikawa Katumba, nje ya mji wetu.

Mwenye shughuli alikuwa Mzee Bazili, mkulima wa tumbaku na mahindi, anamuoza binti yake Evelina kwa kijana wa Magamba. Mama yake Evelina alifariki mtoto akiwa mdogo, akalelewa na shangazi yake, yaani dada wa Mzee Bazili. Katumba familia nyingi asili yao Burundi, na huyo shangazi wanamwita Masenge. Nami nikafuata hivyo hivyo.

Masenge macho yake yameanza kufifia. Pamoja na hivyo alimsukia Evelina kikapu kwa mkono wake, vile vya mfuniko mrefu wenye ncha, wenyewe wanakiita igiseke. Alianza mvua za kwanza, akamaliza watu wanavuna.

Haya yote aliniambia Mzee Bazili siku nilipoenda kupatana kazi. Akasema, "Dada, ndugu zetu wengine walirudi Burundi, wengine wako Ulaya na Amerika. Hawatakuja. Watatuona kwa mkanda wako. Huyu dada yangu hasa, waone alivyomtoa mtoto."

Nikaitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee. Akili ilikuwa kwenye gimbal.

Siku ya harusi nilikuwa na kiburi, lazima niseme. Maharusi wanaingia, mimi natembea kinyumenyume mbele yao, kamera inaelea. Kuna watu waliacha kumwangalia bibi harusi wakawa wananiangalia mimi. Nilisikia raha sana.

Ukafika muda wa zawadi. Mnaojua harusi za huku mnajua kwamba hapo ndipo penyewe. MC anaita kundi kwa kundi, watu wanaingia wanacheza toka mlangoni mwa turubai mpaka kwa maharusi, mtu na alichobeba.

Mimi nikawa nawazunguka maharusi. Nazunguka nyuma, narudi mbele. Mara nikaona Evelina machozi yanamtoka. Nikajisemea hii ndiyo shot yangu ya mwaka. Nikamsogelea, nikaganda kwenye lile chozi mpaka likafika kidevuni.

Sikujiuliza hata kidogo analia kwa kumwona nani.

Baada ya hapo mkono ukaanza kutetemeka. Hili wauzaji hawawaambii. Gimbal ikibeba kamera na lens, nusu saa ni nyingi. Nikawa narekodi kidogo, napumzika, narekodi kidogo. Shughuli ya watu ilikuwa inapita mbele yangu huku mimi nakanda kiwiko.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nikaitwa Katumba kuleta mkanda. Walinichinjia kuku. Sebule ilijaa, wengine wamesimama dirishani. Masenge walimpa kigoda mbele kabisa, pua karibu inagusa TV.

Nikaanza na video fupi ya dakika nne, yenye muziki. Walipiga makofi. Mzee Bazili akasema, "Nzuri. Sasa weka mkanda wenyewe."

Nikaweka ndefu, dakika arobaini. Ilipoisha hakuna aliyepiga makofi.

"Watu wa Kapalamsenga walileta samaki," Mzee Bazili akasema. "Wako wapi?"

Hawapo. Shemeji yake akatokea bega tu. Kwaya ikatokea nusu, na iliimba nyimbo tatu.

Masenge akaomba nirudishe kwenye zawadi. Nikarudisha. Evelina huyo, mkali kama noti mpya. Kule anakotazama, sekunde chache tu kabla sijazunguka mbele yake, kitu cha rangi ya chungwa kinayumba kwenye ukungu.

Masenge akaweka kidole kwenye kioo, pale pale.

"Huyu ni nani?"

Ikabidi nijibu mimi. "Ni wewe, Masenge. Ulivaa kitenge cha chungwa."

Akaangalia tena, akainamisha kichwa. Halafu akanigeukia bila hasira, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi.

"Mwanangu, kwa hiyo harusi hii mimi nilikuja, au sikuja?"

Wakuu, nimeshatukanwa na wateja. Nimeshakimbizwa na mlevi kwenye kipaimara. Lakini sijawahi kuona aibu kama ile. Chozi nililolipenda lilikuwa la mtoto anayemwona mlezi wake akiingia na kikapu kichwani. Mimi nikachukua chozi, nikamwacha mwenye chozi.

Nikajitetea kijinga. Nikasema tukachukue kikapu Magamba, Masenge avae kitenge kile kile, acheze tena, nirekodi upya bure.

Akakataa. "Nilishampa mtoto. Nikibeba tena nitakuwa naigiza, na watakaoangalia ni ndugu zangu."

Mzee Bazili ndiye aliyeniokoa. Wana shughuli nyingine baada ya harusi, ndugu wa bibi harusi wanaenda kumtembelea kwake na vyakula. Ina jina lake kwa Kirundi, ulimi wangu haukunjiki hapo. Akaniambia, "Mwezi ujao tunaenda Magamba. Njoo. Ila uje na macho, usije na kile kimkono tu."

Kesho yake asubuhi nikawa mlangoni kwa Mzee Shabani. Tripod yangu nikaikuta katikati ya duka, imening'inizwa mikoba ya kike.

"Mama picha!" akacheka. "Umeifuata? Hiki ndo kifaa bora dukani kwangu, hakianguki hata wateja wakikivamia."

Aliniuzia vyote viwili, tripod na kamkoda, kwa bei ile ile niliyomuuzia, ila utani wake nimeula mpaka leo. Nikipita tu anauliza mikoba inaendeleaje.

Sasa kwa wanaouliza gear, nisikilizeni hapa kwa makini. Huu mwezi mmoja ndo nilijifunza kuchagua vifaa, miaka tisa yote ya nyuma nilikuwa nabahatisha.

Kamkoda used usiidharau. Inarekodi saa nzima bila kujizima kwa joto, ina zoom ndefu ya kumfikia mtu aliye mbali bila kumsukuma mtu yeyote. Ukienda kununua, nenda na memory card yako, rekodi nusu saa palepale dukani muuzaji akinung'unika, vuta zoom mpaka mwisho usikilize kama inakwaruza. Chomeka chaji, tikisa waya. Ikikatakata, acha. Na kwa vumbi letu la kiangazi angalia lens kwa kutumia tochi ya simu.

Tripod nyepesi ni hasara. Watu wakicheza juu ya udongo nayo inacheza. Tafuta nzito, yenye kichwa kinachozunguka taratibu kama kina mafuta ndani. Kizungushe dukani kwa kidole kimoja, kikiruka ruka kirudishe. Bora ununue kamera ya bei ya chini na tripod nzuri kuliko kinyume chake, na hapa sibishani na mtu.

Mirrorless sikuiuza. Niliifunga tundu mpaka f/5.6, watu wa nyuma wakarudi kuwa watu. Gimbal nayo nimeipa kazi yake, kuingia na kutoka kwa maharusi, dakika kumi tu halafu inapumzika. Kabla ya kununua soma inabeba uzito gani, na upime kamera yako ikiwa na lens na betri. Gimbal inayobeba mpaka mwisho wa uwezo wake itakulilia mota katikati ya shughuli.

Mwezi ukafika, tukaenda Magamba.

Nilitangulia. Nikasimamisha tripod pembeni ya uwanja, mahali ninapoona geti, mlango wa nyumba na mkeka wa wageni. Nikamuuliza Mzee Bazili nani anaingia kwanza, nani anafuata, amebeba nini. Miaka tisa kwenye kazi, na ndo mara ya kwanza nauliza swali hilo.

Waliingia wanaimba, mmoja mmoja, nikawapata wote. Wa unga, wa maharage, wa Kapalamsenga na samaki wao. Masenge akaingia na sinia la ndizi kichwani, kitenge kile kile cha chungwa. Akakaa mkekani.

Nilidhani limeisha hapo. Kumbe Evelina alikuwa na lake, na hakumwambia mtu.

Alitoka ndani amebeba igiseke kichwani. Amekijaza maharage ya shamba la mumewe. Akaanza kucheza taratibu kuelekea mkekani, vile vile kama Masenge alivyomchezea siku ya harusi. Wanawake wakapiga vigelegele. Masenge akawa anageuza kichwa huku na huku, kwa umbali ule macho hayakumwonyesha kitu.

Mimi sikusogea. Zoom ndiyo iliyoenda polepole, wote wawili ndani ya picha, na waliokuwa nyuma yao wakali mpaka vifungo vya mashati.

Evelina akapiga magoti mbele yake. Masenge akanyoosha mikono, akagusa ule mfuniko, akapita na vidole kwenye msuko. Alikijua kwa vidole kabla ya macho. Akakikumbatia pamoja na mtoto.

Nililia wakuu. Nililia kabisa, kamasi na kila kitu. Ila tripod haikulia, picha haikutikisika hata kidogo.

Jumapili nyingine, sebule ile ile, kigoda kile kile. Nikaweka mkanda wenyewe moja kwa moja, wenye urefu wa saa mbili na ushee, bila trela. Hakuna aliyetoka. Kila mtu alipojiona alipiga kelele.

Ilipofika sehemu ya igiseke Masenge akasogeza kigoda, pua ikagusa kioo. Akaweka kidole juu ya kitenge cha chungwa. Safari hii hakuuliza ni nani.

Akaangalia mpaka mwisho wa kipande, akaegemea nyuma, akasema, "Haya. Nilikuja."

Halafu akaniambia nirudishe mwanzo.

Mkanda umeshatumwa kwa ndugu wa mbali, na nasikia kuna mmoja huko Amerika kauangalia mara tatu kwa siku moja. Mdogo wake Evelina naye anaolewa, kazi nimepewa bila kushindanishwa na mtu.

Kwa hiyo wewe unayeuliza ununue nini, kwanza niambie nani atakaa kwenye kigoda cha mbele siku ya kuangalia. Ukishamjua huyo, njoo tuongelee kamera na gimbal.

Wenye uzoefu wa harusi za mikoani leteni yenu, na wataalamu wa ukungu mtamu mwageni povu, nitajibu wote. Ila mtu asinifuate inbox kuulizia ile tripod. Haiuzwi tena.