Vumbi la Chaki

Karani wa kusajili silaha haamini namba ya kwenye fomu. Kila bunduki huipaka vumbi la chaki kwa kidole gumba, kisha huisoma namba iliyochongwa kwenye chuma, tarakimu moja moja, kwa sauti. Wenye haraka wakiguna, huanza upya. Leo alipofika tarakimu ya mwisho, aliisoma yote tena tangu mwanzo. Namba hiyo ilimkaa kichwani miaka sita, tangu bunduki ilipopotea ghalani na mlinzi akafukuzwa kama mwizi. "Bwana, keti kwanza," alimwambia aliyeileta, huku ameshanyakua simu, chaki ikitapakaa kwenye vitufe. "Baba, vaa viatu uje! Ile bunduki waliyosema umeiuza, ninayo hapa mezani!"