Kaka yangu alivyotafuta chungu cha harusi kisicho na moshi hapa Likasi

Wakuu, habari za humu ndani.

Nawaletea kisa cha nyumbani kwetu, Likasi. Sijatia chumvi. Chumvi yote aliitia mwenyewe kaka yangu.

Kaka huyu, yaya Didier (kwetu yaya ni ndugu mkubwa, si mlezi wa watoto), ndiye mkubwa wetu, fundi umeme kiwandani. Mtu mwema sana, ila ana ugonjwa mmoja: akihudhuria semina, na sisi nyumbani tunaishi ndani ya hiyo semina. Ile ya maji safi ilitufanya tuchemshe hadi maji ya kuoga.

Safari hii ilikuwa semina ya mazingira. Akarudi na neno moja, carbone, yaani moshi ambao kila kitu hutoa wakati wa kutengenezwa. Mandazi yana carbone. Pikipiki ina carbone. Mchungaji akirefusha mahubiri huku jenereta linaunguruma nje, carbone. (Hilo la mchungaji alilisema mara moja tu, mke wa yaya akamkanyaga mguu.)

Sasa shida ni kwamba mdogo wetu wa mwisho, Béa, alikuwa anaolewa.

Katika familia zetu, bibi harusi huingia kwa wakwe na chungu chake cha chuma, kile kizito cha kusongea bukari. Ninyi wa Dar na Nairobi mnaita ugali. Siku ya kupokelewa anasonga mbele ya mama mkwe na mashangazi, macho yote kwenye mwiko. Ukija na sufuria ya kuazima utasemwa hadi wajukuu wako wazaliwe.

Na mama mkwe wa Béa ni wale wa kusema.

Mama yetu alishafariki, kwa hiyo chungu kilikuwa juu yetu kaka zake. Béa alikuwa na wasiwasi kweli. Hakutaka kufika kule aonekane mtoto asiye na watu.

Likasi chungu si kitu cha kuumiza kichwa. Mafundi wanakusanya vyuma chakavu, wanayeyusha kwa makala, ndivyo tunavyoita mkaa, wanamimina kwenye kalibu ya mchanga. Kesho yake una chungu.

Yaya akakataa katakata.

"Minye siwezi kulipa bantu bakate miti juu ya bukari ya siku moya," alisema.

Hapo nisimcheke sana. Ile njia ya Kambove, tulikokuwa tukienda na mama kuokota bowa, uyoga wa wakati wa mvua, leo ni visiki na magunia ya makala yanayongoja wateja. Yaya akipita pale huhesabu visiki. Hata mimi paniuma.

Basi akatafuta fundi mwenye tanuru la umeme. Umeme wetu unatoka kwenye maji, akatufundisha, hauna moshi, kwa hiyo chungu cha Béa kitakuwa safi kuliko vyote mjini. Akachagua Jumapili baada ya ibada, kwa sababu yeye ni mtu wa umeme na alijua kwa hakika kwamba mtaa ule haukatiwi Jumapili.

Wakuu, mmeshajua. Fundi umeme mzima, mzaliwa wa Likasi, aliuamini umeme wa Likasi.

Chuma kilipokwisha kuyeyuka, tumebakiza kumimina tu, umeme ukaondoka. Mwenye tanuru akashika kichwa: chuma kikigandia mle ndani, tanuru limekufa. Ikabidi liwashwe groupe, jenereta kuukuu la mazuti, yaani dizeli. Lilitoa moshi mweusi hadi majirani wakaanua nguo zao kwenye kamba.

Na aliyekuwa analiongezea mazuti ni nani? Yaya Didier, adui wa carbone, na shati lake jeupe la ibada.

Nilitoa simu nimpige picha. Akaniangalia. Nikairudisha mfukoni.

Tanuru lilipona. Ila lile jenereta halikuwa na nguvu ya kukifikisha chuma kwenye joto lake, kikamiminwa kimepoa, kikaganda kabla ya kuenea kwenye kalibu. Chungu kikatoka upande mmoja hakuna kitu. Mwenye tanuru alitushauri tukitumie kuchotea mchanga.

Tulipokifikisha nyumbani Béa alikitazama, akaenda nyuma ya nyumba. Tukamsikia analia. Utani uliishia pale.

Yaya aliinamisha kichwa, mwisho akasema basi, twende kwa wale wa makala, miti itatusamehe. Tulikuwa tunavaa viatu Béa aliporudi na chungu mkononi.

Nyuma ya nyumba ndiko wanakonywea maji bata wetu, na wanakunywa ndani ya chungu cha chuma. Kina kutu, kina matope, lakini hakina ufa hata mmoja. Ni cha mama. Bukari yote ya utoto wetu ilitoka humo, na samaki wa ziwa Tshangalele. Mama alipofariki, yaya ndiye aliyekitoa jikoni, hakuweza kuvumilia kumwona mtu mwingine akisongea humo. Akawapa bata. Nasi tukazoea kutokiona.

Béa alikiweka miguuni pa yaya, pamoja na mchanga na kipande cha gunia. Yaya akasema polepole kwamba ni cha zamani, wakwe watasema.

"Weye unatafuta nyungu ya bila moshi," Béa akamwambia. "Moshi ya hii, mama alisha kuilia machozi."

Yaya alikaa chini na shati lake lile lile, akaanza kusugua. Nikakaa naye. Tulisugua tukilia, watu wazima na ndevu zetu, na sioni aibu kuiandika hapa.

Kilipong'aa tukakipaka mawese na kukichoma ili kisishike kutu tena. Kwa makala. Yaya aligeukia ukutani.

Siku ya kupokelewa, mama mkwe alikigonga chungu kwa kidole, akauliza kimetengenezwa wapi.

"Iko ya mama," Béa alijibu.

Yule mama, wa kusema, hakusema. Alivuta kigoda chake hadi motoni, akakunja kitenge, akakishika chungu kwa mikono miwili kisitikisike, Béa akasonga.

Nilichojifunza, wakuu: kabla ya kupigia hesabu moshi wa chungu kipya, tazama kwanza nyuma ya nyumba yako.

Bata sasa wanakunywa kwenye kile cha umeme. Tumekiinamisha upande wenye ukuta, na hawajauliza habari za carbone.

Nanyi bata wenu wanakunywea kwenye nini? Niambieni hapa chini, ila mkapige chabo nyuma ya nyumba kwanza.