Engine ilifungwa na marehemu mdogo wangu, taa ya bluu ikagoma kuzima

Wakuu, poleni na majukumu.

Huwa nasoma tu humu, siandiki. Leo naandika kwa sababu jambo hili limenikaa kifuani, na linaweza kumsaidia mwenye gari. Nitaeleza kama lilivyokuwa. Nisipojua nitasema sijui. Nimeishia darasa la saba, kwa hiyo kwenye mambo ya engine wataalamu mtanirekebisha.

Naishi Kirua Vunjo. Nalima migomba na kahawa, na nina gari ndogo ya Kijapani, automatic, ya kushushia ndizi Moshi mjini. Ni zile gari ambazo dashboard haina mshale wa joto. Zina taa tu. Bluu inawaka engine ikiwa ya baridi, inazima ikipata moto. Nyekundu ni kwamba imechemsha.

Siku moja natoka Mabogini na magunia ya mpunga, nyekundu ikawaka nikiwa napandisha. Nilisimama palepale, lakini gasket ya cylinder head ilikuwa imeshaungua.

Fundi wangu alikuwa Deo, mdogo wangu wa tumbo moja. Alikuwa na gereji Moshi pamoja na mwenzake Shirima. Mke wake, Mama Glory, anapika chakula hapohapo gereji, mafundi na wateja wanakula. Riziki yao yote ilikuwa pale.

Deo akafungua engine, akapeleka cylinder head kusawazishwa, akasafisha rejeta iliyokuwa imeziba, akafunga gasket mpya.

"Kaka, hii haichemshi tena," akaniambia. "Labda uichome moto mwenyewe."

Wiki hiyohiyo akaanguka gereji. Alifika hospitali akiwa hai. Hapo sitaeleza zaidi, mtanisamehe.

Tulimzika kihambani, shamba la nyumbani, jirani na kaburi la baba.

Gari ililala chini ya migomba msiba mzima. Nilipoiwasha tena, haikuwa ile niliyokabidhiwa. Silensa, yaani mngurumo wa engine gari ikiwa imesimama, iko juu, halafu RPM zinapanda na kushuka zenyewe bila kukanyaga mafuta. Ukiweka D na kushika breki, inatetemeka mpaka kioo. Mara nyingine inazima kwenye kona, usukani unakuwa mgumu kama umefungwa kamba. Wanaoijua miteremko ya kwetu wanaelewa nazungumzia nini.

Na ile taa ya bluu, naondoka nayo Kirua, nafika lami, bado inawaka. Baadaye taa ya check engine, ya kuonya hitilafu, nayo ikawaka.

Nikaenda kwa fundi mmoja Himo.

Mnawajua mafundi wetu. Akifungua bonnet, kabla hajagusa kitu, anaanza na mwenzake aliyepita.

"Nani amefunga hii engine? Huyu fundi au muuza nyanya?" Vijana wake wakacheka. "Ameruka meno ya timing huyu. Kuna watu spana wangenyang'anywa na serikali."

Nikamwambia, "Ni mdogo wangu. Tumemzika juzi."

Kicheko kikakatika. Fundi akafuta mikono kwenye ovaroli.

"Dah. Pole sana, kaka. Mungu amlaze pema." Akainama tena kwenye engine. "Unajua, nikiangalia vizuri, kazi yake si mbaya. Timing iko sawa. Hizi ni plug tu."

Wakuu, timing ilipona kwa sababu mtu amekufa.

Plug zilitoka nyeusi, zimejaa masizi. Tukaweka mpya, ikatulia siku chache, kisha mambo yakarudi yaleyale.

Nikaipeleka kwenye gereji ya Deo mwenyewe. Shirima hakutaka hata kugusa spana. Akafuta code ya hitilafu kwa kifaa kidogo kinachounganishwa na simu, check engine ikazima.

"Deo alikuwa na mkono, kaka. Haya mafuta ya siku hizi ndiyo mabovu."

Check engine iliwaka tena kabla sijafika Himo.

Lakini kuna kitu nilikiona siku ile gerejini. Mteja mmoja alisema gari yake nayo, tangu Deo aifunge, inakunywa mafuta kama ng'ombe. Shirima akamkatisha, "Mwache marehemu apumzike." Yule mtu akaomba radhi, akamsalimia Mama Glory, akampa pole, akaondoka. Nilipouliza baadaye, niliambiwa hajarudi.

Wengine pia hawakurudi. Mchana masufuria ya Mama Glory yalikuwa bado yamejaa.

Hakuna aliyemsema Deo vibaya. Waliacha tu kuja.

Nilikosa usingizi. Kama Deo alikosea, mke wake anakosa wateja kwa kosa ambalo hakuna anayethubutu kulitaja. Kama hakukosea, jina lake linachafuka bure. Nilihitaji mtu wa kuniambia ukweli, na nilishaona kwamba nikimtaja marehemu siupati.

Kuna fundi umeme wa magari pale mjini, anaitwa Rama. Ana mashine ya diagnosis. Nikamwendea.

"Nani aliifunga?" akauliza.

"Fundi mmoja."

Rama hakuishia kusoma code. Alifungua live data, namba za engine inavyofanya kazi wakati huohuo, tukakaa ndani ya gari engine ikinguruma, tunaangalia joto lake. Lilipanda kidogo likagoma.

"Umetoka wapi na hii?"

"Nimetoka nayo Kirua."

"Basi yenyewe haijui. Inadhani umeiwasha sasa hivi."

Akaniambia niiache mpaka ipoe kabisa, kisha akaiwasha na kunishikisha bomba la juu la rejeta. Lilianza uvuguvugu taratibu tangu mwanzo. Akasema kwa engine isiyo na tatizo, bomba lile linabaki baridi kwanza, halafu ghafla linapata moto, kwa sababu kuna thermostat inayozuia maji mpaka engine ipate moto wa kutosha. Akafungua inapokaa thermostat.

Patupu.

"Wameitoa," akasema Rama.

"Wanafanya hivyo kwa nini?"

"Wanasema nchi yetu ya joto, hii ni mambo ya Ulaya. Sasa nyie huko juu mwezi wa saba mnalala na makoti, mnataka Ulaya gani nyingine?"

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba, na nilikuwa nacheka kosa la Deo.

Akanieleza hivi. Engine ikijiona ya baridi, inamwaga mafuta mengi na kupandisha silensa. Mafuta yasiyoungua yanajaza masizi kwenye plug, ndipo inatetemeka. Lakini kule kupanda na kushuka kulikuwa na sababu nyingine. Akachomoa kibomba chembamba cha hewa kilichotafunwa ubavuni, hewa inaingia ovyo.

"Hii siyo ya fundi. Hii panya. Gari ililala nje?"

"Tulikuwa na msiba."

"Wa nani?"

"Wa huyo aliyefunga engine. Mdogo wangu."

Rama alibaki ameshika kile kibomba.

"Ungeniambia, kaka."

"Ungenidanganya."

Akarudi kazini, akaweka thermostat, bomba jipya, akasafisha plug, akaiacha engine ingurume yenyewe mpaka silensa ikakaa mahali pake.

Nilipoondoka, taa ya bluu ilizima kabla sijatoka mjini. Nikasogea pembeni nikasimama. Nilipaswa kufurahi. Lakini kazi ya mwisho ya mikono ya mdogo wangu ilikuwa imesahihishwa na mtu mwingine.

Nikageuza gari mpaka gerejini. Nikamweleza Mama Glory, Shirima akiwepo. Nusu panya, nusu Deo.

"Kaka, hili ungelimeza," Shirima akasema.

Mama Glory alikuwa anakata mchicha. Hakuinua uso.

"Shemeji, una uhakika?"

"Nimeona kwa macho yangu."

"Shirima, ni gari ya shemeji tu?"

Shirima akatazama chini. "Zote zilizowahi kuchemsha. Tulikuwa tunatoa thermostat sote, shem. Siyo yeye peke yake."

Kisu kikaendelea kidogo, kikasimama.

"Basi waambiwe. Waje wawekewe. Sitaki watu wamkimbie huku wanampa pole mke wake."

Ndiyo kazi tuliyofanya mimi na Shirima, nyumba kwa nyumba. Kila mlango unaanza na pole. Unaipokea, unakaa, unaletewa chai, ndipo useme ndugu yako alikosea. Baadhi wamekuja. Baadhi wamesema watakuja. Masufuria ya Mama Glory sasa ni madogo kuliko ya zamani, lakini mchana yanaisha.

Nyumba iliyonishinda ni ya mzee Tarimo, ana pickup ya kubebea majani ya ng'ombe. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanikaribisha.

"Hata mimi nimeona inakunywa mafuta, mbe," akasema.

"Deo ndiye alikosea, mzee. Ilete tuirekebishe."

Akaigeukia pickup.

"Alipokuja kuifunga alilala hapa. Tulikula mtori, akanicheka sina meno. Iache kwanza."

"Itaharibika, mzee."

"Najua. Nitaileta. Siyo sasa."

Hajaileta mpaka leo. Nikipita asubuhi nasikia silensa yake iko juu.

Nilichojifunza ni hiki. Engine ikishafunguliwa, muulize fundi thermostat iko wapi, hasa kama unaishi kwenye baridi. Taa ikiwaka usikubali ifutwe tu, omba uonyeshwe live data. Na siku nikifa mimi, makosa yangu yatajwe yarekebishwe. Pole zitafuata.

Sasa swali langu kwa wanaojua: pickup iliyotembea muda mrefu bila thermostat, rings za pistoni zake zinakuwa zimeshalika, au bado inaokoka? Nataka nikamwambie mzee kitu cha uhakika.

Naombeni mseme ukweli. Msinipunguzie kwa sababu nimefiwa.