Chupa Moja ya Mwanaidi

Nitakayosimulia hapa hamtayaamini, wala sitawalaumu. Hata mimi, niliyeacha shule darasa la sita kwa sababu nilishamzidi mwalimu, nisingeyaamini kama damu yenyewe isingekuwa yangu.

Mwanaidi ni tabibu wa zahanati yetu, juu kidogo ya kijiji cha Kwai, binti wa mkulima wa kabichi. Nilimjua akiwa na kamasi mbili na ndoo kichwani. Leo ananiamuru nivue viatu mlangoni, nami navua.

Siku hiyo nilikuwa nakata miti ya kusimamishia maharage. Wanawake wanapita, nikataka waone mti unavyoangushwa kwa pigo moja. Panga likateleza, likaniingia pajani. Damu ikaruka. Mdogo wangu Issa akanipakia kwenye pikipiki hadi zahanati.

Mwanaidi hakukimbilia chupa. Alikunja kitambaa safi, akakishindilia kwenye kidonda kwa uzito wake wote, akafunga kwa nguvu, akanifunika blanketi. Ndipo akatundika chupa moja ya maji ya chumvi, ikawa inadondoka kidogo kidogo kama manyunyu.

Issa akawaka. Kwetu ugonjwa unapimwa kwa chupa. Aliyetundikiwa nne anajisifu mwaka mzima.

"Daktari, moja tu? Kaka yangu anakufa! Ifungulie! Na ile ya sukari umwekee, apate nguvu!"

"Mjomba Issa," akasema, mkono wake bado uko kwenye kidonda, "ukingo wa mfereji ukibomoka, unaziba au unaongeza maji?"

"Naziba."

"Basi. Nikimjaza maji, damu iliyobaki inakuwa nyepesi, na ile inayoanza kuganda inasukumwa nje. Sukari haizibi pengo la damu. Maadamu mshipa wa mkono unagonga na jina lake analijua, hiki kidogo kinatosha kumfikisha hospitali ya Lushoto. Anachohitaji ni damu. Nawe unayo."

Issa, mgosi wa kelele, dume zima, akanywea. Anaogopa sindano kuliko nyoka. Lakini gari la wagonjwa lilipofika alipanda pamoja nami, na huko hospitali akanyoosha mkono, macho kayafumba. Yeye akatolewa, mimi nikawekewa.

Daktari wa kule akaniambia, "Mzee, huyo aliyekuziba akakubania maji, mshukuru."

Namshukuru. Kila Ijumaa jina lake liko kwenye dua yangu, na peasi zikiiva kikapu cha kwanza ni chake. Jana nilikipeleka. Barazani wagonjwa wamejaa, wamenuna, nikaona niwachangamshe.

"Jamani, lilimwagika debe zima! Na bado nilitembea kwa miguu yangu hadi kwenye gari, Issa nimembeba mgongoni, wala sikutoa hata cho—"

"Mjomba, shikamoo!" Mwanaidi katoa kichwa dirishani. "Ulibebwa kwa machela, ukimwita mama yako."